Kati ya "Ni" na "Kwa Sababu"

Kuna watu wivu wao huja na kuondoka, kama mafua. Wa Madamu Paswedi ulikuwa umehamia kabisa, na mlengwa wake alikuwa mmoja tu: wifi yake. Jirani akinunua gari, Madamu Paswedi alitoka nje kumpongeza, tena kwa moyo mweupe. Shoga yake wa tangu utotoni alipojenga nyumba ya vyumba sita, yeye ndiye aliyekwenda kumsaidia kuchagua rangi ya kuta. Lakini dada wa mumewe akivaa hata kandambili mpya, mwenzetu huyu roho ilimuuma mpaka jioni, na ukimuuliza ana nini, atakwambia kichwa kinamsumbua.

Jina la Paswedi hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wanafunzi wa shule ya sekondari alikofundisha kompyuta. Chumba chake kilikuwa na mashine ishirini na sita, kila moja na neno lake la siri, yaani paswedi, na maneno yote ishirini na sita aliyajua yeye peke yake. Kila Jumatatu aliyabadilisha. Kila kipindi kikianza alipita mashine moja baada ya nyingine, akiandika huku amekinga kibodi kwa kiganja cha kushoto, na darasa zima likimsubiri kwa dakika kumi. Alilijua jina hilo na alilichukia, ingawa hata walimu wenzake siku hizi walilitumia mbele yake bila kupepesa macho.

Sasa sikilizeni balaa lilikokuwa. Huyo wifi yake alifundisha hesabu katika shule hiyohiyo. Yaani nyumbani wifi, kazini wifi, na Jumapili mezani kwa mama mkwe, wifi tena. Wengine wakigombana na mawifi zao hupumzika wakienda kazini. Yeye alimkuta chumba cha walimu asubuhi, ameshafika, ameshasahihisha madaftari, na amemwekea kiti.

Kwa mama mkwe ndiko alikochomwa zaidi. Mwaka uliopita Madamu Paswedi alimnunulia yule mama simu, akaipanga vizuri, akakuza maandishi, akaweka picha za watoto wote ili mama abonyeze uso tu badala ya kuhangaika na namba. Alikaa nayo Jumamosi nzima. Jumapili wifi alikuja, akakaa kando ya mama yake kama robo saa, akamwonyesha jinsi ya kupokea. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisikia kwamba simu hii alinifundisha binti yangu. Aliyeinunua hatajwi, aliyeipanga hatajwi. Mume wake alipoambiwa alicheka akasema mama ni mama, usimchukulie moyoni. Madamu Paswedi akamchukulia moyoni, na mume naye akachukuliwa humohumo.

Na wifi mwenyewe, tuseme kweli, hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu. Mtu akikusengenya una pa kushika, utamsengenya na wewe mtoshane nguvu. Huyu alikuwa akimsalimu kwa kumkumbatia, akikumbuka siku za kuzaliwa za watoto, akimpisha kwenye foleni ya chai. Wakati wa mapumziko aliingia chumba cha kompyuta akakaa nyuma kabisa, akiwasaidia wanafunzi waliochelewa kuelewa, na akitoka aliuliza, "Wifi, sijakuingilia kazi yako?" Madamu Paswedi alijibu hapana, karibu tena, na meno yalimuuma kwa jinsi alivyoyabana.

Mambo yalichemka pale mkuu wa taaluma alipotangaza kustaafu. Cheo hicho ndicho kinachopanga ratiba, kinachogawa madarasa, na kina ofisi yenye mlango wake. Madamu Paswedi aliandika barua ya kukiomba siku ileile, kabla chai haijapoa. Wifi hakuandika. Aliandikiwa na walimu wengine saba waliotia sahihi karatasi moja, na yeye akasema kama wenzangu wameona hivyo, sawa. Hata kugombea hakugombea kama watu. Alipelekewa.

Kwa Madamu Paswedi hicho hakikuwa cheo tu. Alikuwa na picha kichwani, na picha hiyo ilikuwa ya Jumapili: mama mkwe anamwambia mgeni, "Huyu mkwe wangu ndiye mkuu wa taaluma, hata binti yangu yuko chini yake." Sentensi moja tu. Kwa sentensi hiyo alikuwa tayari kufa na kupona.

Mwalimu Mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema safari hii wanafunzi wataulizwa. Kila mmoja ataandika sentensi moja, na mwanzo wake wamepewa: Mwalimu aliyenisaidia zaidi ni, halafu ajaze, halafu kwa sababu, halafu ajaze. Hawataandika majina yao. Atakayetajwa mara nyingi zaidi kati ya walimu wote, cheo ni chake. Kuhusu kuhesabu, mzee alikumbusha kwamba mwaka wa nyuma, kwenye uchaguzi wa kiranja, walihesabu kwa mkono wakagombana wiki mbili. "Mwaka huu itahesabu kompyuta," alisema. "Kompyuta haina shemeji." Walimu wakacheka. Madamu Paswedi pia akacheka, maana mwenye kuiendesha hiyo kompyuta alikuwa yeye, na alikuwa na wifi.

Wanafunzi mia nne na kumi na wawili waliandika, darasa baada ya darasa, kila sentensi mstari wake. Siku ya Alhamisi, vipindi vilipokwisha, Madamu Paswedi alifunga mlango wa chumba cha kompyuta, akavuta kiti, akafungua faili.

Kazi yenyewe alikuwa akiifundisha kila mwaka, na kwa haki yake aliifundisha vizuri. Inaitwa ruwaza. Unaiambia kompyuta: mwanzo wa ninachokitaka naujua, mwisho wake naujua, katikati sijui kuna nini. Anza hapa, ishia pale, na chochote utakachokikuta katikati niletee. Kwa chochote hicho unaweka alama mbili, nukta na nyota. Nukta ni herufi yoyote, nyota ni mara nyingi upendavyo. Ila zikikaa pamoja zina ulafi. Hubeba kila kitu mpaka mwisho wa mstari, kisha hurudi nyuma shingo upande kutafuta pa kuishia. Ndiyo maana unaziwekea alama ya kuuliza pembeni, zipate adabu, zisimame kwenye mwisho wa kwanza zinaoukuta. Wanafunzi waliosahau alama hiyo aliwakata maksi tano na kuwauliza walikuwa wapi alipofundisha.

Basi akaandika ruwaza safi, ya kitabuni. Mwanzo, zaidi ni. Mwisho, kwa sababu. Katikati, nukta, nyota na alama ya kuuliza. Chochote kitakachopatikana katikati ndicho jina la mwalimu. Akabonyeza.

Madamu wa Hesabu, mia moja arobaini na nane. Ticha wa Michezo, hamsini na moja. Akashuka na orodha, akapita Kemia, akapita Historia, akampita hata mpishi, ambaye si mwalimu. Madamu wa Kompyuta, kumi na tisa.

Alikaa akiitazama ile kumi na tisa. Uso ulimwaka moto. Miaka kumi na moja ya kazi, mikono imepata ganzi kwa kibodi, na mpishi amepata ishirini na mbili.

Halafu akajikaza, akaona kosa, na kosa lilikuwa la kweli. Kompyuta ilikuwa imemhesabia mistari yenye "Madamu wa Kompyuta" peke yake, lakini si watoto wote huandika hivyo. Kuna aliyeandika komputa, kuna aliyeandika mwalimu wa mashine, na kuna walioandika, bila aibu, Madamu Paswedi. Ilimbidi aingize majina hayo yote kwenye ruwaza, na alipofika kwenye hilo la mwisho aliandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi baada ya herufi, jina alilolikataa miaka yote. Akabonyeza tena. Thelathini na tatu.

Hapo alipaswa kusimama. Thelathini na tatu zilikuwa zake, halali, hakuna wa kumnyang'anya. Walimu wengine nao walistahili kutafutiwa majina yao ya utani namna hiyohiyo, na angefanya hivyo angekuwa amefanya kazi ya haki. Hakuwatafutia. Alichokifanya ni kukumbuka kwamba aliona mistari miwili ambayo wanafunzi walisahau kuandika "kwa sababu." Watoto hao, alijiambia, ruwaza inawaruka, na huo ni uonevu. Kwa ajili ya watoto wawili akaufuta ule mwisho. Akaifuta na alama ya kuuliza, maana sasa haikuwa na kazi. Ruwaza ikabaki hivi: baada ya "zaidi ni," chochote, chochote kirefu unavyotaka, halafu kompyuta au mashine au Paswedi popote pale kwenye mstari. Kisha akalipeleka fungu lake, yaani majina yake yote, juu kabisa kwenye orodha, na kompyuta ilikuwa imepangwa kwamba anayeushika mstari kwanza ndiye mwenye mstari.

Akabonyeza.

Madamu wa Kompyuta, mia moja ishirini na moja. Madamu wa Hesabu, sabini na nne.

Mtu mwingine angeshtuka. Mtu mwingine angefungua mistari yenyewe asome, ajue hao themanini na wanane wametoka wapi ghafla. Huyu ni mwalimu aliyekata watoto maksi kwa alama moja. Lakini wivu ukishakuonyesha namba unayoitaka, huulizi ilikotoka. Aliitazama sabini na nne ya wifi yake na utamu ukamshuka kifuani, akasikia hata njaa imemwisha. Hakutazama mistari. Aliipeleka yote kwenye mashine ya kuchapa, akaibana na pini ikiwa bado ya moto, akaitia kwenye bahasha ya Mwalimu Mkuu, akarudi nyumbani akiimba. Mume wake alimuuliza kuna nini. Akasema kichwa kimepona.

Ijumaa saa nane walimu kumi na wanane walikaa kwenye chumba chao, viti vimezunguka meza ndefu. Wifi alikuwa amemwekea kiti kando yake, kama kawaida. Mwalimu Mkuu alifungua bahasha, akarekebisha uzi wa miwani, akasoma namba. Walimu wakatazamana, wakijiuliza kama wamesikia vizuri. Kisha wa kwanza kupiga makofi alikuwa wifi. Alimgeukia akamkumbatia mbele ya wote, akamwambia sikioni, "Hongera, wifi yangu. Umeteseka sana na hawa watoto." Na hakuwa anaigiza. Madamu Paswedi alimchunguza usoni kwa jicho la pembeni akitafuta angalau kamstari ka maumivu, hakukaona, na ushindi wake ukapungua nusu hapohapo.

Mwalimu Mkuu akasema kabla hajatia sahihi angependa wote wasikie maneno ya wanafunzi, maana namba peke yake ni kavu. Macho yake yalikuwa yamechoka. Akazisukuma karatasi mezani mpaka kwa wifi, ambaye ndiye mwenye sauti nzuri na ndiye husoma matangazo, akamwomba asome kumi hivi za mshindi.

Wifi akasoma ya kwanza. Mwalimu aliyenisaidia zaidi ni Madamu wa Kompyuta, kwa sababu sasa namwandikia baba barua mwenyewe bila kumwomba mtu. Walimu wakaguna kwa kupendezwa. Ya pili ilisema ni Madamu Paswedi, kwa sababu ukimuuliza mara ya tatu anaguna lakini anarudia. Wakacheka, na mwenyewe akacheka, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha ya kweli.

Kwenye ya tatu kidole cha wifi kilisimama. Alipandisha karatasi karibu na uso kidogo, akakohoa, akaendelea kwa sauti ileile: ni Madamu wa Kompyuta, kwa sababu hata akinikemea najua ananitakia mema.

Madamu Paswedi alikaa karibu kiasi cha kuiona karatasi. Alitupa jicho apate kuisoma mwenyewe sentensi hiyo tamu. Kidole cha wifi kilikuwa kwenye mstari wa tatu, na mstari wa tatu ulisema hivi: Mwalimu aliyenisaidia zaidi ni Madamu wa Hesabu kwa sababu ananifundisha mpaka kompyuta, na mwalimu wa kompyuta mwenyewe nikimuuliza ananiuliza nilikuwa wapi.

Kidole kikashuka mstari wa nne. Mdomo wa wifi ulisema ni Madamu wa Kompyuta, kwa sababu ni mkali ila hana upendeleo. Karatasi ilisema ni Ticha wa Michezo kwa sababu alinitoa chumba cha kompyuta nilipokuwa nalia. Kidole kikashuka wa tano. Mdomo ulisema kwa sababu alinisubiri mpaka nikajua kuandika bila kutazama vidole. Karatasi ilikuwa na maneno machache sana: ni Madamu wa Hesabu kwa sababu si Madamu Paswedi.

Hapo ndipo alipoelewa ruwaza yake ilichokifanya. Ilikuwa imewabeba watoto wote waliomtaja popote, hata waliomtaja kwa kumlalamikia, ikampa kama kura. Na wifi yake, bila kumtazama, bila hata kubadili sauti, alikuwa amelielewa jambo hilo ndani ya mstari mmoja, na sasa alikuwa akimsitiri. Alitunga papo hapo, moja baada ya nyingine, kwa wepesi uleule anaokokotolea hesabu ubaoni. Mwalimu wa Kemia alifuta jicho. Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yule Madamu wa Kompyuta aliyekuwa anatengenezwa na mdomo wa wifi alikuwa mtu mvumilivu, mkweli, mwenye moyo, na walimu wote walikuwa wakimpenda.

Mwingine angeinamisha kichwa ashukuru Mungu. Cheo kilikuwa chake, siri ilikuwa salama, na ofisi yenye mlango ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Lakini kilichomshika Madamu Paswedi hakikuwa aibu wala majuto. Kilikuwa kilekile cha siku zote. Hata hili? Hata wizi wangu mwenyewe lazima wewe ndiye uufanye uwe mzuri? Akaona Jumapili zote zijazo, mama mkwe akimsifu kwa mgeni, na wifi amekaa upande wa pili wa meza, anatabasamu, anajua. Kila atakachokuwa nacho kitakuwa amepewa na huyu. Na huyu atakuwa mshindi wa namba, na mshindi wa wema pia, na hakuna atakayejua isipokuwa wao wawili.

Madamu Paswedi alisimama wifi akiwa kwenye mstari wa nane.

"Hayo hayajaandikwa hapo," alisema. "Wifi anawatungia. Chukueni karatasi msome wenyewe."

Angalieni alichokitanguliza. Hakuanza kwa kusema nimeiba. Alianza kwa kusema huyu ni mwongo.

Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono, wifi akampa karatasi. Mzee alisoma, akafungua ukurasa wa pili, akafungua wa tatu. Aliuliza maana yake ni nini. Madamu Paswedi akaeleza, akiwa amesimama, kama anafundisha: mwanzo, mwisho, nukta, nyota, mwisho alioufuta. Akataja namba za haki, thelathini na tatu zake, mia moja arobaini na nane za wifi. Sauti haikutetemeka. Mwalimu wa Kemia aliyefuta jicho sasa alikuwa akiangalia kikombe chake.

Mzee alimgeukia wifi akamuuliza kama aliona kilichoandikwa. Wifi akasema aliona. Akaulizwa kama alisoma kingine kwa makusudi. Akasema ndiyo.

"Mmoja amechakachua," Mwalimu Mkuu alisema, "na mwingine amenisomea uongo usoni, mbele ya walimu wote. Nitampa yupi ratiba ya watoto wa watu?"

Hakumpa hata mmoja. Cheo kilikwenda kwa Ticha wa Michezo, wa pili kwa hesabu ya haki, ambaye muda wote alikuwa anapuliza chai yake na ilibidi aguswe bega ndipo ajue kwamba ni yeye. Walimu walitoka mmoja mmoja. Waliompita Madamu Paswedi hawakumtazama, na hilo alilitegemea. Lakini waliompita wifi nao hawakumtazama, na Madamu Paswedi aliliona hilo, akalihesabu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe walikuwa sawasawa, yeye na wifi yake, meza ileile, aibu ileile. Alipata raha. Ilikuwa raha fupi na chungu, lakini asingeikana.

Wifi alimfuata mpaka chumba cha kompyuta. Hakumkumbatia, na hakuuliza kama anaingilia kazi. Alisimama mlangoni.

"Ungenyamaza ungepata cheo," alisema. "Mimi nisingesema popote. Nani angeumia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungekuwa umenipa wewe."

Wifi alimtazama. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na Madamu Paswedi alishangaa kugundua kwamba miaka yote tisa tangu aolewe hajawahi kumwona analia.

"Miaka tisa nahangaika nikupe nini ukipokee," wifi alisema. "Nilidhani ni mimi nisiyejua kutoa."

Akaondoka. Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho, akapelekwa shule ya mbali, safari ya saa sita kwa basi, na walimu waliokuwa wamemkasirikia walichanga wakamnunulia saa ya ukutani. Wanafunzi walilia getini. Madamu Paswedi alisikia kilio hicho akiwa chumbani kwake, anabadilisha maneno ya siri, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu.

Jumapili ya kwanza alijitayarisha. Alijua wifi lazima atakuwa ameshamweleza mama yake, na mama mkwe atamwaga yote mezani, mbele ya mume na watoto na wageni wawili wa kanisani. Alikuwa ameshaandaa la kujibu. Alikaa, akangoja. Mama mkwe alipakua chakula, akasema binti yake amehama kwa sababu kule hawana mwalimu wa hesabu, watoto wanateseka, na yeye hawezi kuona watoto wanateseka. Ndivyo alivyomwambia. Mume alitikisa kichwa akasema dada ana moyo wa peke yake. Hawakuwa na habari. Wifi hakuwa amesema neno lolote.

Kiti chake kilikuwa kitupu, na kwa saa mbili nzima hakuna aliyezungumzia kitu kingine isipokuwa mwenye kiti. Alivyokuwa mtoto. Alivyofaulu. Alivyomfundisha mama yake simu. Mgeni mmoja aligeuka kumuuliza Madamu Paswedi, kwa kuwa walifanya kazi pamoja, wifi yake alikuwa mtu wa namna gani kule shuleni.

Meza yote ikamgeukia. Alikuwa na ukweli mdomoni, mzima mzima, pamoja na sehemu yake mwenyewe, na alijua kwamba akiusema tu, ule wema wa mwisho wa wifi, wa kumsitiri kwa kunyamaza, nao utakuwa umerudishwa kwa mwenyewe.

"Alikuwa ananiwekea kiti," alisema, akaomba apitishiwe chumvi.